Faini ya kuruka foleni ipo, ya kumshika binti mkono haipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nizungumzie jambo ambalo wanawake wa Moshi tunaishi nalo kila siku: nani ana ruhusa ya kukaa akatulia barabarani, na nani anatakiwa apite haraka.

Nauza mitumba soko la Memorial. Mbele ya meza yangu kuna kijiwe cha bodaboda na benchi la kahawa. Wanaume wanashinda hapo wakicheza drafti na kubishana Simba na Yanga, na hakuna anayewauliza wanangoja nini. Mwanamke akisimama hapohapo kumsubiri mwenzake, ataulizwa: "Dada, unamtafuta nani?" Akinyamaza, anaringa. Akijibu, kajitakia. Ndiyo maana wasichana wa shule wanavuka barabara mapema, jua kali na vumbi, ili tu wasipite karibu na benchi lile. Hakuna bango lililowakataza.

Huku uchagani mgawanyo huu ni wa siku nyingi. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi za mama. Mama anashuka na mikungu alfajiri kutoka Kibosho au Marangu, analisha mji, na akimaliza kuuza anatakiwa awe njiani kurudi. Hata mbege kaipika yeye, lakini mazungumzo ya kilabuni yana wenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kicheko. Kuna kijana mpole pale kijiweni. Siku moja alimwambia mwenzake amwachie mkono binti aliyekuwa akimng'ang'aniza apande pikipiki. Hakupigwa, hakutukanwa. Alichekwa. Wakamuuliza kama huyo ni mke wake, kama na nyumbani amekaliwa hivyohivyo. Siku hizi akiona jambo kama lile anainama, anafuta kioo cha pikipiki yake. Mkorofi alikuwa mmoja. Waliomnyamazisha kijana wa watu ni wale waliocheka, na miongoni mwao walikuwemo wazee wenye wajukuu wa umri wa binti yule.

Sheria tunayo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D kilichotokana na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inasema kumbughudhi mtu kijinsia, hata kwa maneno, ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Ila mwanafunzi hataacha masomo aende kituoni kwa sababu kavutwa mkono, na akisema nyumbani swali la kwanza litakuwa: "Ulifuata nini pale?"

Kwa hiyo nawaomba walio karibu zaidi. Wazee wa benchi la kahawa, semeni. Mzee akitamka "mwacheni mtoto wa watu apite", hakuna kijana wa Kichaga atakayethubutu kumcheka.

Na wenyeviti wa vijiwe, kuanzia stendi kuu hadi Kiboriloni: hiki cha mbele yangu kina daftari lake, na dereva akiruka foleni ya abiria anatozwa faini siku hiyohiyo, wala hakuna anayeona ni utani. Liandikeni na hili. Atakayemshika abiria au mpita njia bila ridhaa yake alipe faini ileile, mbele ya wenzake walewale.

Mama muuza mitumba,
Memorial, Moshi