Risala ya wahitimu wa kozi ya kukagua, kukarabati na kufunga parachuti kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa kozi, walimu wetu, wazazi na walezi mliotusindikiza, ndugu warukaji ambao parachuti zenu ndo zimetufundisha kazi, na ninyi wenzangu tuliopiga magoti sakafuni miezi yote hii, habari za mchana.

Tunakushukuru sana kwa kuja mwenyewe, maana ungeweza kutuma mwakilishi na tusingelalamika. Tena tumefurahi zaidi kusikia kwamba asubuhi ulipita kwenye chumba cha kufungia ukakuta kijana anahesabu vifaa vyake mara tatu, ukauliza mbona anahesabu sana wakati vifaa vyenyewe havifiki kumi. Mheshimiwa, tulikuwa tumeshaandika risala nyingine kabisa, tukaiacha, tukaamua tukujibu hilo swali.

Mwezi wa pili wa kozi, mwenzetu mmoja alikuwa anafunga parachuti ya akiba. Hii ndo ile ya pili, ambayo mrukaji anaivuta pale kubwa ikigoma, kwa hiyo baada ya hapo hakuna nyingine. Kuifunga na kuikagua yote inachukua masaa matatu manne, maana ndani kuna kiparachuti chenye springi, kile kidogo kinachotoka kwanza na kuivuta parachuti nje, unachokigandamiza kwa goti huku unavuta kitanzi kipite kwenye matundu, na kila ukifika tundu moja unachomeka pini ya muda ili kisirudi ndani. Mwishoni unaweka pini ya kweli na ile ya muda unaitoa. Ukiisahau, akiba haifunguki, mrukaji atavuta mpaka mwisho na begi litabaki limefunga. Sasa mwenzetu alimaliza kama saa tatu usiku, ameshafunga uzi mwekundu wa lakiri, ameshasaini kadi, anarudisha vifaa kwenye mfuko anahesabu, pini ya muda moja haipo. Alikaa kimya kidogo halafu akasema kwa sauti, "Mwalimu, pini yangu moja siioni." Mwalimu hakumgombeza hata kidogo, alisema tu kata uzi, fungua. Tukafungua kazi ya masaa manne, tukakung'uta kila mkunjo, pini haikuwemo. Ilikuja kuonekana kwenye pindo la suruali yake mwenyewe. Na akiba ile haikufungwa tena usiku ule, ilisubiri asubuhi mtu amelala na macho yamepumzika.

Kwa hiyo ndo maana anahesabu, mheshimiwa. Anahesabu kabla ya kuanza, anahesabu kabla ya kufunga mfuniko wa mwisho, na anahesabu tena akimaliza.

Tulichojifunza kwanza kabisa ni kuangalia. Wengi wetu tulikuja tukidhani kazi ni kukunja, kumbe kukunja ni sehemu ndogo, muda mwingi unaenda kwenye kutazama na kupapasa kuanzia juu kabisa kwenye kiparachuti, unashuka kwenye utepe wake, kitambaa cha juu, kuta za ndani, kitambaa cha chini, mishono, pale kamba zinaposhonewa, kamba zenyewe mpaka chini kwenye viungio na mikanda ya mabegani, halafu mikanda ya mwilini na begi. Na hairuhusiwi kuruka hatua kwa sababu parachuti hii unaijua au ilifungwa na rafiki yako.

Nailoni ina maadui wengi na karibu wote ni wa kimya kimya. Jua ndo la kwanza, kitambaa kinachoachwa kimetandazwa nje mchana mzima kinadhoofika na kwa macho kinaonekana kizima tu, labda kimepauka. Asidi ni mbaya kuliko, mtu ameweka begi kwenye buti ya gari pembeni ya betri kuukuu, hajaona kitu, na kitambaa kimeshaanza kuoza. Halafu maji ya chumvi, mchanga unaosaga nyuzi, unyevu unaoleta ukungu, jasho, na joto la msuguano wa nailoni kwa nailoni, hili linaweza kuyeyusha tundu kwenye sekunde za kufunguka. Miaka ya 1980 kuna parachuti za akiba za mviringo zilikutwa kitambaa chake kimedhoofishwa na asidi iliyotoka kwenye wavu wake wakati nyingine hazijatumika hata mara moja, zimekaa tu ndani ya mabegi, na mafundi wakawa wanapima kwa kimiminika kinachobadilika rangi kikigusa asidi. Sisi hiyo habari ilitukaa sana, maana kila mtu kichwani alikuwa na wazo kwamba kitu ambacho hakijatumika ni kipya.

Kamba nazo zina tabia zake. Zile za Spectra, aina mojawapo ya nyuzi za kiwandani, zinajikunja na kufupika zikipata joto, na joto linatoka kwenye slaida, kile kitambaa cha mraba chenye pete nne za chuma kinachoteremka kwenye kamba ili parachuti isifunguke kwa kishindo. Kamba za pembeni na za breki ndo zinasuguliwa zaidi, kwa hiyo zinafupika kuliko za katikati, na mrukaji atakuja kwako anasema siku hizi parachuti yangu inafunguka vibaya, inanivuta upande, naye anafikiri amekosea kufunga. Ukizitandaza ukazipima kwa rula unakuta jibu. Zile za Vectran, aina nyingine ya nyuzi, hazifupiki ila zinachakaa, na zikichakaa zinaweza kukatika ghafla. Pete za slaida tunazipitishia pamba taratibu kwa ndani, pamba ikiacha unyuzi hata mmoja ujue pale pana kijino cha chuma kinachokula kamba kila mruko.

Halafu kuna kile kitanzi cha kufungia. Naomba nikieleze vizuri kwa sababu ni kitu kidogo mno, kipande cha kamba kifupi kuliko kidole, ndo kinashikilia begi zima lisifunguke na pini moja tu imepita ndani yake. Kikichakaa kikakatika, au kikiwa kirefu kupita kiasi pini ikawa inateleza kirahisi, parachuti inaweza kufunguka mtu akiwa bado mlangoni mwa ndege, na hapo anaweza kuvutwa nje akagonga mkia, na waliobaki ndani ya ndege nao wakawa hatarini. Kukibadilisha ni dakika chache na kamba yake haina gharama ya kuongelea. Tukikiona kimeanza kuchanua nyuzi hatumuulizi mwenye parachuti, tunabadilisha.

Upande wa ukarabati tumejifunza kushona viraka, kubadilisha kamba, kurudia mishono iliyofumuka kwa uzi uleule, aina ileile ya mshono na idadi ileile ya nukta, kwa sababu mshono mzito kuliko wa kiwandani nao unaharibu, unafanya kitambaa kishindwe kunyumbuka na kichanike pembeni yake. Zaidi ya yote tumejifunza mipaka yetu. Tundu dogo katikati ya kitambaa tunaliweza, ila uharibifu uliofika kwenye mshono mkuu au kwenye mikanda ya kubeba mwili tunauandikia na kuupeleka kwa fundi mkuu. Marekani kwa mfano, fundi wa ngazi ya chini ili apewe leseni lazima awe amefunga parachuti zisizopungua 20 za aina anayoombea chini ya usimamizi, na fundi mkuu anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 3 na awe amefunga 100 za kila aina, kwa aina mbili. Kwa hiyo cheti tunachopokea leo kinatufungulia mlango wa kuanza, tunalijua hilo.

Kufunga parachuti kubwa warukaji wengi mnafunga wenyewe kwahiyo sitakaa sana hapo. Slaida ipandishwe mpaka igote juu, msiiache inaning'inia. Kiparachuti kivutwe mpaka rangi ionekane kwenye kidirisha cha utepe, kisipovutwa kitaburuzika nyuma yenu bila nguvu ya kuchomoa pini. Na raba za kushikia kamba zikilegea badilisheni, kamba zikimwagika zote kwa mpigo parachuti inafunguka kwa kishindo cha kuumiza shingo. Pia ule mfumo wa pete tatu aliobuni Bill Booth miaka ya 1970, unaowaachanisha na parachuti iliyogoma, tunaomba ufunguliwe kila mwezi, mikanda ikunjwekunjwe na waya zifutwe, maana mikanda ikikaa muda mrefu bila kuguswa inakakamaa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka 1922 nchini Marekani ilianzishwa klabu ya watu waliookolewa na parachuti, ikaitwa klabu ya kiwavi kwa sababu wakati ule parachuti zilikuwa za hariri na hariri inatoka kwa kiwavi, na kila aliyeokoka alipewa pini ndogo yenye umbo la kiwavi. Mpaka leo sehemu nyingi mrukaji akiokolewa na akiba anamtafuta fundi aliyeifunga ampe mkono na zawadi. Sisi tunaitamani siku hiyo na tunaiogopa vilevile.

Sasa changamoto zetu. Meza yetu ni fupi, tunakunja parachuti nusu mezani nusu sakafuni, wakati kanuni za Marekani tu zinamtaka fundi awe na meza laini yenye upana wa futi 3 na urefu wa futi 40, yaani kama mita 12. Taa mbili kati ya nne haziwaki na kazi hii ni ya macho. Cherehani ya mishono ya zigizaga tunaazima.

Ila ombi letu kubwa halihitaji hela. Wikiendi hali ya hewa ikiwa nzuri watu wanajazana mlangoni, ndege imeshawasha injini, kila mtu anataka yake iwe tayari, na fundi akisema hii nimeona kasoro hairuki leo anaanza kupigiwa simu na watu wakubwa. Wengine wanamwambia funga tu tutaangalia jioni. Tunaomba, kwa nafasi yako, utusaidie ipatikane kanuni ya maandishi ibandikwe pale ukutani, kwamba fundi akishaifungia parachuti lebo nyekundu ya kuizuia isiruke hakuna mtu wa kuitoa isipokuwa fundi mwenyewe au fundi mkuu baada ya kuikagua upya, awe mwenye klabu, awe rubani, awe nani. Na kwamba fundi akisema amechoka, akiba isubiri kesho.

Mwenzetu wa ile pini amekaa mstari wa pili, leo anapokea cheti kama sisi. Ile akiba aliyoifungua usiku ndo iko kwenye meza ya maonyesho hapo kushoto kwako, imefungwa kwa lakiri yenye alama yake, na kadi yake iko wazi, tunaomba ukipita uisome.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.