Mifuko ya bunga: tusipime mmoja mmoja, tujumlishe

Bwana Mhariri,

Mliandika juu ya mifuko ya bunga ya kilo 25 inayopunguka, na mtu wa kiwanda mliyemuuliza akajibu kila mfuko wanaopima uko ndani ya mipaka. Mi niko mpimaji kwenye kiwanda kingine hapa hapa Lubumbashi, na naona huyo bwana huenda hakusema uongo, lakini na wamama wa mitaa ya Kenya na Katuba hapa mjini wanaouza kwa meka (kopo la kupimia) nao hawasemi uongo wakilia kwamba mfuko hautoshi, yaani wote wanaweza kuwa na haki, tatizo liko kwenye chati yenyewe, ile karatasi yenye mistari ya mipaka ambamo uzito wa mifuko unaandikwa.

Chati inayotumika sana viwandani ni ya Mmarekani Walter Shewhart, aliitoa 1924. Unajua mashini yako inabembea kiasi gani hata ikiwa nzima, tuseme gramu 100 (wasomi wanaita sigma moja), basi unapiga mstari sigma tatu juu na tatu chini, na ukipata mfuko wa chini ya kilo 24.7 ndo unasimamisha kazi. Kitu kikivunjika ghafla inafaa sana. Sasa bunga haina ghafla. Inaganda pole pole kwenye sahani ya mizani ya mashini, hasa wakati wa mvua, mashini inahesabu ile iliyoganda kama iko ndani ya mfuko, inafunga mapema, na wastani unashuka hadi 24.9 huku mifuko karibu yote iko bado ndani ya mstari. Kwa kushuka kadogo namna hiyo chati ya Shewhart inahitaji vipimo kama 44 kwa wastani kabla haijalia, na ukipima mfuko mmoja kila nusu saa hizo ni saa 22! Gramu 100 mtu anaona ni kitu bure, lakini kwenye mifuko 1000 ni kilo 100, mifuko minne ya watu imebaki kiwandani.

Dawa iko tangu zamani. Wakati wa vita ya pili ya dunia mtaalamu wa hesabu Abraham Wald, kule New York, alionyesha hakuna lazima ya kupanga mbele utapima vingapi, baada ya kila kipimo unajiuliza tu: ushahidi umetosha kusema mashini ni nzima, umetosha kusema ni mbovu, ao tuendelee? Mwaka 1954 Mwingereza E. S. Page akaingiza wazo hilo kwenye chati. Wakubwa wetu wakisikia hivi wanafikiri ni mambo ya kompyuta ya bei, kumbe ni hesabu ya daftari, hata umeme ukikatika unaendelea na kalamu.

Inaenda hivi: kila mfuko andika umepunguka gramu ngapi, toa 50 (nusu ya ile 100 tunayotafuta), jumlisha na ya nyuma, ikienda chini ya sifuri andika sifuri, hapo ni kama mtihani wa Wald unaanza upya. Mfuko wa 24.93 unaandika 20. Unaofuata 24.88, ongeza 70, tuko 90. Halafu 25.02, huu umezidi 20, na toa 50, jumla tunapunguza 70, tunarudi 20. Halafu 24.85, tuko 120. Ikifika 500 simamisha, fungua, pangusa ile sahani. Kwa kushuka kule kule kwa gramu 100 inalia baada ya vipimo kama 10, saa tano hivi, na kengele za uongo haziongezeki: ukilinda juu na chini pamoja, mifuko mizito na myepesi, ni moja kwa vipimo 465 hivi, wakati ya Shewhart ni moja kwa 370.

Ila ya Shewhart msiitupe, siku mfuko mmoja ukitoka ghafla na 24.6 ni yenyewe italia kwanza. Na wenzangu wanaogeuza skurubu kila wakiona mfuko mmoja mwepesi waache, wanaongeza kubembea tu halafu wanasema mashini imezeeka.

Wakaguzi nao wakija wanapima mifuko mitano na kusaini, kwa mitano ni vigumu kuona kwa uhakika kitu kama hiki. Kwa hiyo mkirudi kwa yule bwana msimuulize tena habari ya mipaka, mwombeni daftari la wiki nzima mjumlishe wenyewe, na muulize vile vipimo vilichukuliwa kwa mizani gani, sababu kama ni ile ile ya mashini, yenye bunga iliyoganda, hata hesabu ya Wald haitawasaidia.

Mpimaji mifuko, Lubumbashi