Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Fedha 2024/2025

Wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi mliotoka Tinderet na Londiani usiku mkafika hapa Ahero kabla sisi wenyeji hatujafungua mlango wa ukumbi: karibuni. Nasoma kwa Kiswahili kama ilivyo desturi ya chama hiki cha sisi watumiaji wa maji ya mto. Mto Nyando unaanzia kwa Wakipsigis na Wanandi ukaishia kwa Wajaluo, na sijapata kumwona mtu aliye tayari kusikiliza taarifa ya saa nzima kwa lugha ya jirani yake.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na nakala imebandikwa pale ukutani tangu juzi. Mimi nitasema juu ya fedha ambazo hazimo kwenye daftari letu, yaani zile ambazo serikali hutenga kila mwaka kwa usimamizi wa maji. Kila nikikutana nanyi sokoni Awasi au stendi ya Ahero, swali ni lile lile: "Mama Mwenyekiti, tumesikia redioni serikali imetoa pesa za mito. Zetu ziko wapi?" Mwaka huu nimejaribu kuzifuata nyayo zake.

Nianze na miche, maana najua ndiyo iliyowauma. Mwezi Januari kikundi cha akina mama karibu na Awasi kilianza kutuoteshea mianzi, mikuyu na miparachichi ya kupanda kwenye kingo za mto. Tulikuwa tumeahidiwa ruzuku, na kwa ahadi hiyo wakakopa mbolea na karatasi za kuoteshea. Mvua za masika zikaanza, zikakolea, zikapita. Mwishoni mwa Mei nilifika kitaluni nikajaribu kuinua mche mmoja wa mparachichi. Haukuinuka. Mizizi ilikuwa imetoboa karatasi na kuzama ardhini, na nilipovuta ilikatika kwa kasauti kadogo, kama uzi. Mama aliyekuwa akimwagilia aliniangalia tu, hakusema neno.

Ruzuku iliingia kwenye akaunti wiki ya pili ya Juni ikiwa na masharti: itumike yote, na risiti ziwasilishwe, kabla ya tarehe 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndivyo ilivyo. Mwaka wa fedha ukifungwa, pesa ambayo haijatumika hurudi ilikotoka. Nani apande mche huku kwetu Kano mwezi Juni, jua likiwa limeshapasua udongo? Basi kamati ilinunua kile kinachonunulika haraka na kuandikiwa risiti. Tumelipa deni la akina mama, tukanunua majembe, gambuti na wilbaro tisa. Chama hiki leo kina wilbaro za kuhamisha kilima, na miche iliyobaki hai haifiki nusu.

Ruzuku ilipokuwa bado haijaingia, nilikwenda kuuliza katika ofisi iliyotuahidi. Sitaitaja, bado tunaihitaji. Ofisa mmoja kijana alinivutia kiti akaniambia kwa heshima, "Mama, pesa zilitengwa. Hazikutolewa." Nilirudi kwa matatu nikiyatafuna maneno hayo mawili hadi nyumbani, na naomba nanyi myabebe, kwa sababu miaka yote tumekuwa tukishangilia la kwanza tukidhani ndilo la pili.

Kutengwa hutokea bungeni. Wabunge wakipitisha makadirio ya bajeti, wizara imepata ruhusa ya kutumia kiasi fulani, lakini ruhusa si pesa. Pesa yenyewe inakaa katika mfuko mkuu wa serikali, na haitoki mpaka Hazina ya Taifa iombe na Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Na hapo kuna foleni. Malipo ya madeni na pensheni yamewekwa na sheria mbele ya wote. Mishahara inafuata, kwa sababu mfanyakazi asiyelipwa hugoma. Mradi ambao haujaanza husubiri ushuru ukusanywe, na mto hauna chama cha wafanyakazi.

Mwaka huu foleni ilikuwa ndefu zaidi. Mnakumbuka Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano ya vijana. Sisemi walikosea, wangu mwenyewe alikuwa barabarani Kisumu mjini na sikumzuia. Lakini bajeti ilikuwa imepangwa kwa ushuru ambao sasa haukuwepo, kwa hiyo ikaja bajeti ya ziada ya kukata, na mkasi ulianzia kwenye maendeleo. Mgao wa kaunti zote 47, uliokuwa shilingi bilioni 400.1, uliishia bilioni 387.4 baada ya mvutano mrefu kati ya Seneti na Bunge la Taifa, na kaunti zikangoja miezi. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi kadhaa ya maji na usafi huku Magharibi mwa Kenya, iliyokuwa ikiegemea huko, ikafunga ofisi. Mgao wa kaunti mwaka mpya wa fedha, 2025/2026, ni bilioni 415. Nawaomba msiupigie makofi bado.

Mwezi Mei nilikaa na mpwa wangu anayejua kompyuta, tukafungua kitabu cha makadirio ya serikali kuu. Nilikuwa natafuta neno moja tu, Nyando. Tulikesha. Kitabu hakipangwi kwa mito bali kwa idara na programu, na ndani ya idara ya maji kuna programu inayoitwa usimamizi wa rasilimali za maji, kando ya nyingine ya miundombinu ya maji na majitaka. Hii ya pili ndiyo mnene: mabwawa, mabomba, mitambo ya kusafisha, na sehemu kubwa yake ni mikopo na ruzuku za nje. Ile ya kwanza, ambayo ndiyo ya chemchemi, kingo, vipimo vya mto, vibali na vyama kama hiki chetu, ni nyembamba. Sababu naielewa. Hakuna mheshimiwa aliyewahi kualikwa kuzindua tope ambalo halikufika mtoni.

Hapa nizungumzie bwawa la Koru-Soin, kwa sababu kuna wanaosema mwenyekiti analipinga. Silipingi. Nimelala juu ya meza na wajukuu maji yakipita chini yake, na bwawa la kushika mafuriko kule mpakani mwa Kericho na Kisumu nililisubiri kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Ninachosema ni kwamba bwawa ni sufuria, na sufuria huja na kinachomiminwa ndani yake. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana lilikamilika 1981, na kwa miaka mingi sasa limekuwa likipoteza nafasi ya maji kwa tope linaloteremka kutoka mashambani. Aliyesimama ukingoni mwa korongo la Katuk Odeyo kule Nyakach anajua udongo wa upande wetu huu unavyosafiri. Tukilipia zege kwa mabilioni na kilima kwa masalio, tutakuwa tumejenga ghala la matope. Haya niliyasema pia kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu makadirio. Nilipewa dakika tatu. Aliyenifuata alizungumzia bei ya miwa, naye alipewa dakika tatu.

Jambo lingine linalotupoteza ni nani anadaiwa nini. Katiba, kwenye jedwali la nne, inaipa serikali kuu ulinzi wa rasilimali za maji, na kaunti huduma za maji pamoja na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote yanashikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya wananchi, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayoyasimamia. Vyama kama chetu vimetajwa humo humo, kifungu cha 29, kama washirika wa kusimamia na kusuluhisha migogoro. Upo pia mfuko wa sekta ya maji ambao sheria inauruhusu kuzipa jamii fedha za kuhifadhi vyanzo. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Ukija ukingoni, unakuta mto ni wa taifa, mfereji ni wa kaunti, na mafuriko ni ya Mungu. Mwezi Novemba ukuta mdogo wa udongo uliobomoka chini ya daraja ulizungushwa ofisi tatu, na mwisho ukazibwa na vijana wetu kwa magunia ya mchanga. Wameshashukuriwa, chai yao iko kwenye hesabu, ukurasa wa pili.

Na sisi pia tuna lawama. Mamlaka hujiendesha kwa sehemu kubwa kwa ada za matumizi ya maji, na katika bonde hili pampu zinanguruma usiku bila kibali. Nimesimama mbele yenu kama mmoja wa wenye pampu hizo. Pampu yangu ya mpunga ilikuwa haina kibali hadi Machi mwaka huu. Niliona aibu kudai bajeti ya mto ambao siulipii. Wanachama wanaolima hadi majini wajue pia kwamba kanuni zinataka ukingo uachwe, si chini ya mita 6 na hadi mita 30 kutegemea upana wa mto. Kamati itapita na kamba ya kupimia, na itaanza kwa shamba la mwenyekiti.

Februari wanne kati yetu tulikwenda Naivasha kuona wenzetu wanavyofanya. Kule wakulima wa maua walio ziwani na watumiaji wengine wakubwa wa maji walikubali kuwachangia wakulima wadogo wa milimani, kule Mto Malewa unakoanzia, ili wapande nyasi kwenye makinga maji na kuacha kulima mteremko. Mchango ulikwenda kama vocha za kuchukua mbegu na pembejeo dukani. Mzee mmoja alituonyesha kinga lake la nyasi za ng'ombe, ananyoa kila wiki na kuuza maziwa. Alisema hata vocha zikikoma hatang'oa. Hilo lilinikaa moyoni kuliko semina zote, kwa sababu halingojei Hazina. Sisi hatuna mashamba ya maua, lakini tuna miwa, mpunga na miji inayokunywa maji haya. Nimeandika barua tatu. Majibu bado.

Kuhusu kipimo cha mto. Lile bamba jeupe lenye tarakimu nyeusi, lililochukuliwa na mafuriko ya Aprili na Mei 2024, halijarudishwa; tuliambiwa hakuna fungu la fedha kwa sasa. Kijana wetu mmoja, fundi wa kupaka rangi mabasi, alishuka na futi ya chuma akachora mistari myekundu kwenye nguzo ya daraja, kila sentimita kumi, na juu kabisa akapaka mstari mnene pale maji yalipofika mwaka ule. Kila asubuhi anasoma na kutuma kwenye simu zetu: "Mto 1.40, rangi ya chai ya maziwa." Ile ya rangi hakuombwa, ameiongeza mwenyewe, na watu wa kule chini wanaitegemea kuliko namba, maji yakibadilika kuwa kama kakao wanajua milimani kumenyesha na wanaanza kuhamisha kuku. Hana mshahara. Kamati inapendekeza alipwe posho kutoka ada za wanachama, na hilo litapigiwa kura leo. Kuna watakaosema ni kazi ya serikali. Ni kweli ni kazi ya serikali. Mimi nitapiga kura ya ndiyo.

Kosa letu kubwa mwaka huu lilikuwa la kalenda. Tumezoea kwenda mjini Juni, waziri wa fedha akiwa ameshabeba mkoba wake, na wakati huo bajeti imeshaiva. Mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa kuwa mbele ya bunge la kaunti ifikapo Septemba 1. Serikali kuu nayo huwasilisha Taarifa ya Sera ya Bajeti bungeni kufikia Februari 15, na makadirio kufikia Aprili 30. Jambo ambalo halikuingia kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kulichomeka Aprili. Kikao cha Februari cha kaunti kilitupita kabisa. Tangazo lilitoka gazetini, nikalisoma jioni ya siku yenyewe, likiwa limefungiwa mandazi. Nachukua lawama hiyo.

Kwa hiyo mwaka huu tunatangulia. Katibu ameandika maombi ya ukurasa mmoja: uzio wa chemchemi tano za juu, bamba jipya la kipimo na posho ya msomaji, na miche ambayo fedha zake zitolewe kati ya Januari na Machi au zisitolewe kabisa. Sharti hilo la mwisho baadhi ya wanakamati waliliona la kiburi. Nimelisisitiza, wilbaro tunazo.

Nakala iko mezani mlangoni. Kila mwanachama atie sahihi na namba ya kitambulisho kabla ya chakula. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, tutakutana ofisi ya chifu kumkabidhi mwakilishi wadi, na kikundi cha Tinderet kitafanya vivyo hivyo kwa mwakilishi wao siku hiyo hiyo. Wenye pikipiki tafadhali wabaki nyuma kidogo tupange nani atambeba nani.