Huo mchoro umeisha

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika wiki jana kwamba michoro ya wino ya Kijapani ni karatasi tupu inayouzwa kwa bei ya ng'ombe alinichekesha kwanza, kisha akaniudhi. Mimi ni mchora vibao hapa Nyendo, Masaka, Uganda, mwaka wa 22 sasa. Kinyozi, muuza dawa, mchinjaji, wote ni wale wale: ukiacha pengo kwenye kibao, mteja anadai umemwibia rangi.

Wajapani pengo hilo wanaliita ma, na huachwa makusudi. Kyoto, katika hekalu la Daitokuji, kuna picha ya matunda sita ya persimoni. Aliichora Muqi, mtawa Mchina wa karne ya 13 ambaye Wajapani walijifunza mengi kwake. Haina meza, sahani wala kivuli. Tunda moja ni jeusi sana, mengine yamefifia, na ya pembeni yamebaki mzingo tu. Meza unaiweka mwenyewe.

Nilijaribu. Wino wao ni masizi na gundi ya wanyama, hukaushwa vipande, kisha husuguliwa kwenye jiwe lenye maji. Mimi nilikinga sahani ya bati juu ya tadoba, kile kitaa kidogo cha mafuta, nikakwangua masizi. Gundi nilichemsha molokoni, yaani kwato za ng'ombe, niliyopewa na mchinjaji, yule yule wa kibao. Mama watoto alinifukuza jikoni kwa harufu.

Wino huo haufutiki. Brashi ikisita, karatasi inanywa na doa linatanuka. Niliharibu karatasi saba. (Nakubali, wapo wanaodondosha doa moja wakaliita sanaa. Hao msomaji wenu awaseme.)

Ya nane nilichora punje mbili za kahawa, zimeegemeana kidogo, basi. Buni moja huwa na punje mbili. Zamani Waganda wawili wakifunga omukago, udugu wa damu, kila mmoja alijichanja, akapaka damu yake kwenye punje, mwenzake akaila. Ningeongeza kikapu, mgomba na korongo kama kwenye picha za watalii, nani angeziona hizo punje?

Mzee jirani yangu alikuja kudai ngazi yake, akaikuta picha ukutani. Akasimama kitambo, ngazi begani. Hakuniuliza mbona sijamaliza. Aliuliza, "Hawa ni nani na nani?"

Mchora vibao,
Nyendo, Masaka