Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati: Tuuzieni Gesi kwa Kipimo cha Mfuko Wetu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakukumbusha kwamba mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikaahidi kuwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watakuwa wanaitumia nishati hiyo. Mimi ni mama lishe wa Tandika, Dar es Salaam, na juzi nimerudi kwenye mkaa.

Mtungi wangu wa kilo 6 niliupata kwa bei ya ruzuku, nikashukuru kwa dhati. Ulipoisha nilitakiwa kulipa gesi yote kwa mkupuo, ilhali fedha ninayoipata leo ndiyo inayonunua unga na maharage ya kesho. Mkaa nanunua kwa kopo, hata kopo moja, hatua chache kutoka kibandani kwangu. Nadhani hapo ndipo mkakati unapokwama, wala tusiambiwe tena kwamba tatizo ni elimu, kwa maana moshi sisi tunaujua kuliko yeyote anayetuelimisha.

Mkaa huo hutoka kwenye misitu ya miombo, ambako mti uliovuta hewa ukaa kwa miaka mingi na kuihifadhi katika shina lake hukatwa, ukachomwa katika tanuri la udongo linalopoteza sehemu kubwa ya nishati yake kabla gunia halijafungwa. Visiki vya miombo huchipua vikiachwa, na kaboni ile ingerudi polepole kwenye miti mipya, lakini shoka hurudi kabla miti haijakua. Gesi nayo hutoa hewa ukaa, sikatai, na ningependa zaidi umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kwani maharage katika sufuria ya presha ya umeme hayamalizi hata uniti moja. Ila sufuria yenyewe sina uwezo wa kuilipia kwa mara moja.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu, Mheshimiwa: gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, ambayo baadhi ya wakazi wa jiji hili wanayo, itufikie sisi tunaonunua mkaa kwa kopo, na agizo hilo liwe na tarehe. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa tarehe 31 Januari 2024 ya kuacha kuni na mkaa. Nasi tupeni tarehe yetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama lishe, Tandika