Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: karatasi ya wakili mtarajiwa isomwe mara mbili

Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Tororo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoifundisha tangu ujana wangu, na ndiyo lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, Uganda, tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005. Huku kwetu, kuanzia sokoni hadi mpakani Malaba kwenye foleni ya malori, ndiyo lugha ya kuuziana mahindi na ndiyo ya kusuluhishana. Leo naomba iwe pia ya kuzungumzia mtihani wa uwakili: karatasi zinasahihishwaje, na mtu akiona hakutendewa haki aende wapi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amemaliza shahada ya sheria. Ni miaka minne hiyo. Sasa anajiandaa kuingia Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC kama tunavyokiita wote, kwa ile kozi ya miezi tisa ambayo msomi wa sheria wa hapa nyumbani hawi wakili bila stashahada yake. Ukoo umekaa vikao viwili kuhusu ada. Dada ameuza ng'ombe, mimi nimetoa nilichokuwa nacho, na akina mama wa chama chake wamemkopesha kilichobaki. Jioni, baada ya kikao cha pili, tulikuwa tunakusanya viti vya kurudisha kwa jirani. Binti akaniuliza: "Mjomba, wewe umesahihisha mitihani miaka yote hiyo. Nikipungukiwa alama moja, nani ataiangalia tena karatasi yangu?"

Nilisimama na kiti mkononi.

Mheshimiwa, sikuletei kesi ya mtu, wala simtuhumu mtahini yeyote. Ninachokuletea ni kile ninachokijua kutoka chumba cha kusahihishia.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunasahihisha mtihani wa majaribio wa shule chache za sekondari. Karatasi zilifungwa kwa kamba ya katani, hamsini hamsini. Ilikuwa saa nne usiku, nimefika bunda la tatu, taa moja juu ya meza ya watu wanne. Mwanafunzi mmoja alijibu swali la tano kwa nusu ukurasa, kisha chini kabisa akaandika kwa penseli "inaendelea nyuma". Sikugeuza. Nilijumlisha, nikaandika 41 kwa kalamu nyekundu, nikaizungushia duara na kuvuta karatasi nyingine. Mwalimu aliyekuwa anahakiki jumla zetu, mama mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, alikuja akaiweka ile karatasi mbele yangu ikiwa imefunuliwa upande wa nyuma. Hakusema kitu. Palikuwa na ukurasa mzima na robo, mwandiko mdogo, hoja zimepangika vizuri. Nilisahihisha upya, alama zikafika 52. Yule mtoto hajui hadi leo kwamba kwa muda wa dakika kama ishirini alikuwa amefeli.

Sikuwa mzembe, Mheshimiwa. Nilikuwa nimechoka. Mtoto aliokolewa na utaratibu uliotaka kila karatasi ipite kwa mtu wa pili kabla alama hazijaingia kwenye daftari.

Na hilo lilikuwa kosa la kujumlisha, ambalo hurekebishwa upesi. Shida kubwa iko kwenye kupima ubora wa jibu. Kabla ya kuanza kazi tulikuwa na kikao cha kulinganisha. Insha moja inatolewa nakala, kila mwalimu anaisahihisha peke yake, halafu alama zinasomwa kwa sauti. Tulikuwa walimu kumi na wawili, wenye uzoefu, na mwongozo mmoja mkononi. Wa chini alitoa 9 kati ya 20, wa juu akatoa 16. Tulibishana asubuhi nzima mpaka tukakaribiana. Hata hivyo, insha niliyoisoma saa mbili asubuhi baada ya chai na ile niliyoisoma usiku hazikusomwa kwa jicho moja. Kila aliyewahi kusahihisha analijua hili, ingawa halisemwi sana.

Sasa fikiria mtihani wa uwakili. Mtahiniwa hupewa maelezo marefu ya mteja, aandae hati ya madai, au mkataba wa kuuza ardhi, au ushauri kwa mjane anayedai mirathi. Maswali ya namna hii yana njia zaidi ya moja iliyo sahihi. Mmoja atamshauri mteja aende mahakamani moja kwa moja, mwingine ataanza na usuluhishi, na wote wawili wanaweza kuwa na hoja ya kisheria nyuma yao. Mwongozo ukitambua njia moja tu, aliyepita ile nyingine atapotea akiwa amejibu vizuri. Kwa hiyo watahini lazima wakae kwanza, wakubaliane njia zote zinazofaa, na wajaribu karatasi chache kwa pamoja kabla ya kugawana mabunda.

Wapo watakaosema tuachie kompyuta. Uingereza wana mtihani wa mawakili uitwao SQE, ambao sehemu yake ya kwanza ni maswali 360 ya kuchagua jibu. Hakuna mwandiko wa kusumbua, hakuna msahihishaji wa kusinzia. Hata hivyo, Aprili 2024 kampuni ya Kaplan, inayouendesha mtihani huo, ilitangaza kwamba watahiniwa 175 waliofanya mtihani wa Januari waliambiwa wamefeli kumbe wamefaulu. Kosa lilikuwa katika kukadiria desimali wakati wa kupata alama ya mwisho. Ikiwa mtihani wa kuchagua jibu umeweza kumfelisha aliyefaulu, karatasi ya maelezo inahitaji ulinzi mkubwa zaidi.

Ndugu zetu wa Tanzania nao walipata mshtuko wao Oktoba 2022. Yalipotoka matokeo ya Law School, shule yao ya kuwaandaa mawakili, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakafeli moja kwa moja. Waziri wao wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mjadala ule ulikuwa kwa Kiswahili, na huku mpakani tuliufuata kama wetu. Huyu alilaumu vyuo vikuu, yule alilaumu Kiingereza cha wanafunzi, mwingine alisema watahini wamekaza mno. Kilichonisikitisha ni kwamba karibu wote waliokuwa wakibishana hawakuwa wameona hata karatasi moja ya majibu. Bila karatasi mezani, kila mmoja alibaki na dhana aliyokuja nayo.

Ninachokuomba kwanza kabisa kinafanana na wanachofanya California, Marekani. Alama ya kufaulu huko ni 1390 kati ya 2000. Mtu akisomwa mara ya kwanza akapata kuanzia 1350 lakini hajafika 1390, majibu yake husomwa tena kabla matokeo hayajatangazwa. Neno "kabla" ndilo nililolitafutia kalamu. Matokeo yakishabandikwa, mambo yote hubadilika. Ndugu wameshapigiwa simu. Jina halimo. Sasa anayeomba karatasi iangaliwe upya anaonekana mlalamishi, mtahini anaona anadhaliliwa, na taasisi inaanza kujitetea. Kabla ya kutangaza, kusoma mara ya pili ni kazi tu kama kazi nyingine. Alama inapanda au inabaki, na hakuna anayeaibika. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule na ile 41 yangu.

Kwa hiyo, kama alama ya kufaulu ni 50, kila karatasi iliyoangukia kati ya 42 na 49 isomwe na mtahini wa pili ambaye hajaiona alama ya kwanza. Wakitofautiana sana, aitwe wa tatu. Na karatasi chache zilizopita 50 zichaguliwe kwa kura, nazo zisomwe, ili usomaji wa pili usigeuke mlango wa huruma. Gharama ipo, siikatai. Lakini gharama ya mtu kurudia mwaka ipo pia, tofauti ni kwamba hiyo inalipwa na akina dada yangu.

La pili, mtahiniwa aonyeshwe karatasi yake. Nazungumzia karatasi yenyewe, yenye alama kila swali na maneno ya msahihishaji pembeni, tofauti na ile namba moja ubaoni. Akae nayo saa moja kwenye chumba chenye msimamizi, simu imebaki mlangoni, mwongozo wa kusahihisha uko mezani. Nimewahi kubishana na mwanafunzi wiki nzima kuhusu alama yake. Nilipompa karatasi yake alisoma kimya, akafika swali la tatu, akaweka kidole pale alipojibu jambo ambalo halikuulizwa. Akasema, "Asante mwalimu," na hakuja tena. Malalamiko mengi yataishia kwenye meza hiyo. Yatakayobaki yatakuwa machache, nayo yatastahili kusikilizwa. Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 ikaweka njia ya kuzipata. Sioni taarifa inayomhusu mtu kuliko mwandiko wake mwenyewe.

Watu huniambia asiyeridhika aende mahakamani. Ni kweli, Ibara ya 42 inasema kila anayefika mbele ya ofisi ya utawala ana haki ya kutendewa kwa haki, na anaweza kwenda mahakamani kupinga uamuzi uliomgusa. Lakini wewe unajua kuliko mimi kwamba mapitio ya Mahakama Kuu huombwa ndani ya miezi mitatu, na jaji hutazama kama utaratibu umefuatwa. Jaji hashiki kalamu nyekundu akaanza kusahihisha swali la nne. Alama yenyewe, kama ilistahili kuwa 48 au 53, haina mahali pengine pa kuangaliwa isipokuwa ndani ya mfumo wa mtihani. Mlango wa ndani ukiwa umefungwa, hakuna mlango mwingine. Ndiyo maana naomba rufaa ya ndani isomwe na mtu asiyehusika na usahihishaji wa kwanza, ijibiwe kwa maandishi yenye sababu, na jibu litoke kabla ya tarehe ya kujiandikisha kurudia mtihani. Alama ikipanda, ada ya rufaa irudishwe.

Nisieleweke kwamba naomba mtihani ulegezwe. Huku kwetu wakili mbovu anatumaliza. Mtu aliyeshtakiwa kwa kesi ya madai ana siku 15 tangu apokee wito kuwasilisha utetezi wake. Wakili asiyezijua siku hizo anaweza kumpotezea mzee shamba ambalo babu yake alizikwa. Mtihani uwe mgumu, tena mgumu kwelikweli. Anayefeli afeli kwa sababu hajui kazi, na aione karatasi inayomwonyesha kwamba hajui.

Nakuandikia sasa kwa sababu limezungumzwa hadharani wazo la kuunda kituo cha taifa cha mitihani ya sheria, ili vyuo vingine navyo vifundishe kozi ya uwakili na anayefundisha asiwe ndiye anayetahini. Ni wazo zuri. LDC ilianzishwa kwa sheria mwaka 1970, wakati wanasheria wa nchi hii walikuwa wachache. Leo ina matawi Mbarara na Lira na bado foleni ni ndefu. Lakini kutenganisha kufundisha na kutahini hakutoshi ikiwa chumba cha kusahihishia kitabaki vilevile. Naomba usomaji wa pili, haki ya kuiona karatasi na rufaa kwa mtu mwingine viandikwe ndani ya sheria yenyewe. Visiachwe kwenye waraka ambao mkuu mpya anaweza kuufuta. Pale ambapo mambo haya yanafanyika tayari kwa busara ya watahini, kuyaandika hakutamuumiza mtu. Na kila mwaka ichapishwe taarifa: karatasi ngapi zilisomwa mara ya pili, ngapi zilibadilika, maswali gani yaliwashinda wengi na kwa nini. Walimu wa vyuo vikuu wataisoma taarifa hiyo kwa hamu, naamini, kwa maana itawaambia wapi wanafunzi wao wanakwama. Kamati ya Elimu na Mafunzo ya Sheria iliyo chini ya Baraza la Sheria ina uwezo wa kuanza hata kabla Bunge halijakaa.

Viti tulivirudisha kwa jirani jioni ile ile. Njiani binti alirudia swali lake, nikamwambia nitamjibu nikishakuuliza wewe, Mheshimiwa. Bado anasubiri.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa Kiswahili,
Tororo