Chupa msitupe

Jambo wababa na wamama. Tangu ile siro ya kikohozi iliyoumiza watoto wetu iondolewe kwenye farmasi, wengi mnaniuliza tushitaki wapi. Kwanza chupa: hata likibaki tone moja, usiioshe, usimrudishie muuzaji. Piga picha namba ya loti (namba ya kundi la dawa, iko kwenye chupa), ifunge chupa, iweke mbali na watoto. Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alikuwa tayari kuitilia mafuta ya taa! Labo itapima nini? Karatasi za hospitali pia, hasa vipimo vya figo. Diethilini glaikoli, ile sumu inayoshukiwa kuwa ndani ya siro, hushambulia figo.

Njia ni mbili: malalamiko ya jinai kwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), tukidai fidia humo humo, ao kesi ya madai kwa kifungu cha 258 cha kodi sivili ya Kongo (sheria ya madai), aliyeleta hasara kwa kosa lake alipe. Mimi napenda parke, maana wao ndio watatafuta ushahidi. Asiye na pesa, baro (chama cha mawakili) ina ofisi ya ushauri wa bure. Indonesia, wazazi ambao watoto wao waliumizwa na siro kama hii walishitaki pamoja, na 2024 mahakama ya Jakarta ikaamuru makampuni yawalipe. Pesa kidogo, lakini walishinda.

Mtu asitie sahihi karatasi ya "tumemalizana" kwa sababu ya bahasha ya pesa. Jumamosi saa nane ya mchana, kwangu Kamalondo. Leteni fotokopi, orijino zibaki nyumbani.